Taulo Mbili za Kila Asubuhi

Ile mashine ikimaliza kufua huimba. Sitanii. Inaimba kawimbo ka kitoto, halafu kioo chake kinawaka na kuandika: "Hongera! Umefua." Mara ya kwanza nilipoisoma nilitaka kuipiga teke. Mtu aliyefua nguo za watu tangu mimi sijazaliwa, aliyesomesha mtoto kwa povu, leo anapewa hongera na sanduku la bati.

Mtu huyo ni mama yangu mdogo, anayemfuata mama yangu mzazi. Mtaani hawamwiti dobi. Wanamwita Mama Kola, kwa sababu shati likitoka mikononi mwake kola inasimama yenyewe, na mstari wa jasho huuoni hata ukiinua shati juani. Anafulia uani, kwenye beseni tatu za bati zilizopangwa karibu na bomba: moja ya kulowekea, moja ya kusugulia, moja ya kusuuzia. Kola na makwapa huvishughulikia kwanza, kwa sabuni ya mche na brashi iliyolika upande mmoja. Akimaliza huileta nguo puani. Ikiwa "bado ina mtu ndani", maneno yake hayo, inarudi kwenye beseni. Kila mteja ana rangi yake ya uzi, na kifundo cha uzi huo hushonwa kwa ndani kwenye upindo wa kila nguo yake, hata soksi. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba amerudishiwa suruali ya jirani.

Na ana mdomo. Mteja akileta shuka lililopita kiasi, hulinyanyua kwa vidole viwili mbele ya watu wote.

"Hili ulililalia au ulifutia gari?"

Kisha anacheka mwenyewe, kabla mwenye shuka hajaamua kama akasirike.

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye zahanati, na sina hamu na kitu chochote chenye kioo. Kompyuta ya kazini hunidai neno la siri jipya kila nikilizoea la zamani. Linatakiwa liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, na mgonjwa yuko mbele yangu ameshika tumbo. "Tafadhali subiri," inaniambia, na kaduara kanazunguka. Simu yangu nayo kila siku inataka kujisasisha. Ikishajisasisha, nakuta kila kitu kimehamishwa, kama mgeni aliyelala kwako na alfajiri akakupangia upya vyombo vya jikoni bila kuombwa. Runinga ya nyumbani hainionyeshi habari mpaka nikubali masharti. Masharti gani? Nimeinunua mwenyewe, nimeitundika ukutani kwangu, halafu bado naiomba ruhusa! Nasema haya ili msidhani chuki yangu ilianzia kwenye ile mashine ya kufulia. Nilifika kwa Mama Mdogo nikiwa nayo tayari.

Mama Mdogo ana mtoto mmoja tu, binti, tunamwita Kidoti kwa sababu ya baka dogo jeusi juu ya mdomo wake. Kiukoo ni mdogo wangu. Alisoma, akapata kazi ng'ambo, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Miaka ya mwanzo alipiga simu kila Jumapili alasiri bila kukosa. Mama Mdogo angekausha mikono kwenye aproni, akapindua ndoo, akaikalia, na hapo hakuna mteja wa kumwinua.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo. Hiyo sauti haina kitu tumboni."

Wangegombana, wakacheka, wakasengenya nusu ya mtaa, mpaka simu ikapata moto sikioni. Siku hiyo Mama Mdogo angepiga pasi hadi jioni huku akiimba kwa sauti mbaya sana.

Mashine ilikuja kwa nia njema. Lazima niseme hivyo, sitaki kumsingizia Kidoti. Siku moja kwenye simu ya picha aliiona mikono ya mama yake, vidole vimepasuka kwa sabuni na viungo vimeanza kuvimba, akalia. Haukupita muda, wanaume wawili wa duka wakaibeba mashine na kuiingiza sebuleni, katikati ya kabati na kochi, kwa sababu uani kuna vumbi na yenyewe haitaki vumbi. Bomba lake likapitishwa dirishani. Maji yakawepo, umeme ukawepo, sabuni ikawepo. Haikufua. Ilitaka waifai. Jamani, mashine ya kufulia! Inataka mtandao ya nini, isome magazeti?

Waifai ikaletwa. Ikataka programu kwenye simu. Programu ikataka kujua tunaishi wapi, tunajuana na nani kwenye simu, na iruhusiwe kuangalia picha zetu. Nilikunja uso mpaka kichwa kikauma. Bahati nzuri, au mbaya, simu ya Mama Mdogo ilikuwa kuukuu mno, programu ikaikataa. Basi Kidoti akafungua akaunti yeye mwenyewe hukohuko aliko. Mashine ikawa ni ya Kidoti, ila imekaa sebuleni kwa mama yake.

Nguo za kwanza kuingia zilikuwa mashati ya mwalimu mkuu. Yalizungushwa, yakazungushwa, mashine ikaimba, ikatoa hongera zake. Mama Mdogo akatoa shati moja, akalinusa kolani.

"Mwalimu bado yumo," alisema. "Sasa ananukia maua."

Akayabeba yote kurudi uani. Tangu siku hiyo nguo ya mteja haikuingia tena mle.

Kumbe mashine kila ikimaliza kazi hupeleka taarifa kwenye simu ya Kidoti. Tuliligundua hilo kwa ujumbe: "Mama, nimeona leo umefua. Safi!" na picha ya kidole gumba. Kulikuwa na kipindi tulilicheka. Halafu ikapita Jumapili moja Kidoti hakupiga. Ikafuata nyingine. Mama Mdogo akaniomba nimwandikie mtoto nimuulize kama kuna tatizo. Jibu likaja: "Hapana mama, ni kazi tu, napiga zamu mbili. Lakini nikiona mashine imewaka najua umeamka salama, roho yangu inatulia."

Nilimsomea kwa sauti. Nilitamani kuitumbukiza simu kwenye beseni ya kulowekea. Yule mtoto hakuwa ameandika kwa ubaya hata kidogo, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Alikuwa ametulizwa roho na mashine.

Mama Mdogo alikausha mikono kwenye aproni.

"Kwa hiyo nikiiwasha, anajua mama yupo?"

"Anajua."

"Nisipoiwasha?"

"Hajui kitu."

Kesho yake alifungua kabati, akatoa taulo mbili nyeupe alizokuwa amewekea wageni, safi kabisa, akazitumbukiza kwenye mashine. Akabonyeza. Kisha akaenda uani kwenye beseni zake kufanya kazi ya kweli. Ikawa ndiyo desturi yake. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, taulo mbili safi zinafuliwa.

"Nampigia hodi mwanangu," aliniambia, akijitia kucheka.

Zile taulo hazikuwahi kumfuta mtu maji. Zilichakaa kwa kufuliwa tu, zikawa nyepesi mpaka ukizianika unaona ukuta wa jirani upande wa pili. Na kila asubuhi mashine iliimba, ikatoa hongera, na baadaye kutoka ng'ambo kikaja kidole gumba. Mazungumzo ya mama na mtoto yakawa ni hayo. Watu wawili waliokuwa wakigombana Jumapili nzima kuhusu sahani ya chakula! 

Nilimwambia Mama Mdogo aniachie nimpigie Kidoti, nimpe vidonge vyake. Alinikatalia katakata.

"Ukimsema wewe, atanipigia kwa aibu. Simu ya aibu siitaki. Nataka anikumbuke mwenyewe."

"Na asipokukumbuka?"

"We nenda kazini, utachelewa."

Mvua zilipoanza, asubuhi moja aliteleza kwenye sementi yenye povu akaangukia nyonga. Jirani alinipigia simu kazini, tukamleta palepale zahanati. Daktari alisema mfupa ni mzima, lakini asikanyage mpaka maumivu yaishe. Hata siku hiyo, mimi mwenyewe nimekaa mezani na Mama Mdogo anaugulia kwenye benchi, kompyuta ilinijibu nisubiri, inajisasisha. Nikaandika jina lake kwenye karatasi na kwa mara ya kwanza nikaitukana kwa sauti, wagonjwa wote wakisikia. Hakuna aliyenishangaa.

Nikahamia kwake. Asubuhi ya kwanza, nikiwa nimeshika zile taulo, aliniita kutoka chumbani.

"Umeshika nini?"

"Taulo zako."

"Rudisha kabatini."

"Mama Mdogo, mtoto atashtuka."

"Sasa ndiyo maana nakwambia rudisha."

Nikamwelewa. Alilaza simu kifuani, akaivutia shuka, akangoja. Siku ile simu ililia mara nyingi, na kila mara aliikamata kama inataka kukimbia. Mara ya kwanza ilikuwa kampuni ya simu: "Ndugu mteja, bado una nafasi ya kushinda!" Ya pili ilikuwa hiyohiyo. Ya tatu, simu yenyewe ilikuwa imejitungia kipicha chenye muziki, ikakiita "Kumbukumbu zako nzuri". Ndani yake mlikuwa na picha ya beseni, aliyoipiga kwa bahati mbaya akitafuta tochi.

Siku ya pili wateja walianza kuja. Hakuna aliyeuliza nguo zake. Mwenye lile shuka la kufutia gari alikuja na chupa ya uji, akakaa pembeni ya kitanda, akamuuliza alivyolala na maumivu yameshukia wapi. Mama Mdogo alimjibu vizuri, lakini macho yalikuwa kwenye simu.

Siku ya tatu akaanza kumtetea mtoto.

"Labda simu yake imeharibika."

Nikampangia mito.

"Labda anadhani nimesafiri."

"Usafiri uende wapi?"

"Sijui. Watu husafiri."

Akageukia ukutani. Nilitoka, nikasimama sebuleni mbele ya ile mashine. Haikuwa inafanya chochote, ila taa yake ndogo ya buluu ilikuwa inawaka na kuzima, inapumua pale mwenye nyumba akiwa hoi. Niliiona ni kitu kichafu kuliko nguo yoyote iliyowahi kuingia kwenye nyumba ile.

Kesho yake, nikiwa najiandaa kwenda kazini, mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe!"

 Nikajua Kidoti kapanda ndege. Nilipofungua, nilikutana na mwanaume mwenye mvi kidevuni, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu, ana mkoba wa vifaa na kishikwambi.

"Mimi ni fundi wa mashine," alisema. "Tumepata taarifa kwamba mashine ya hapa imekufa."

"Taarifa kutoka kwa nani?"

"Kwa mwenye akaunti. Yuko ng'ambo."

 Kidoti alikuwa ameona. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameona kwamba mashine haijawaka, na alichofanya ni kuita fundi.

Nilimpisha kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Aliifungua mashine, akaichungulia, akabonyeza, maji yakaingia na kutoka. Mashine ikaimba. Hongera! Kutoka chumbani nikasikia kitanda kikilia, Mama Mdogo anajaribu kukaa.

"Nani kaiwasha?"

"Fundi," nikajibu. "Ametumwa na Kidoti."

Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie aje huku."

Fundi alivua viatu, akasimama mlangoni pa chumba, akamwona mtu amelazwa juu ya mito, akatoa pole. Mama Mdogo akamshukuru.

"Aliyekutuma amesemaje? Nisomee."

Fundi akavaa miwani, akasoma kutoka kwenye kile kishikwambi: "Mashine ya mama yangu haijawaka siku kadhaa. Naomba mwende mkaangalie kama ni nzima."

"Hakuna lingine?"

Maskini ya Mungu, yule mtu alipandisha kidole juu, akashusha chini, akatafuta kwa bidii kama kwamba yeye ndiye aliyelificha.

"Kuna picha ya mikono miwili imeunganishwa, mama. Ya kuomba."

"Na wewe umeionaje hiyo mashine?"

"Nzima kabisa. Haina hata mkwaruzo."

Hapo mimi nikashindwa kujizuia. Nikamwambia basi aandike kwamba mashine ni nzima, mama ndiye mgonjwa. Alinitazama kwa huruma, akanigeuzia kioo nione. Palikuwa na majibu matatu tu ya kuchagua: Imetengenezwa. Inahitaji kipuri. Haitengenezeki. Chini yake kulikuwa na nyota tano, mteja aguse anavyoridhika na huduma. Nafasi ya kuandika habari za mama haikuwepo. Watu wenye akili zao walikaa kwenye ofisi, wakafikiria kila kitu kinachoweza kuharibika kwenye nyumba ya mtu, na hilo wakalisahau.

"Gusa hiyo ya mwisho," Mama Mdogo alisema.

"Mama, ni nzima. Nitaulizwa."

"Waambie dobi mzee alikulazimisha. Gusa."

Fundi alinitazama mimi, akamtazama yeye. Sijui ana mama wa namna gani kwao, lakini aliguna, akagusa. Sebuleni ile taa ya buluu ikazima.

Hata mkoba wake hajaufunga, simu ikalia kifuani pa Mama Mdogo. Safari hii haikuwa kampuni ya simu. Aliipokea, akaiweka sauti ya nje.

"Mama! Mama, mashine imekuwaje? Wameniandikia haitengenezeki! Haiwezekani, bado ina dhamana! Usiwaruhusu waichukue, unasikia? Risiti ninayo mimi. Huyo fundi bado yupo? Waifai ilikuwa inawaka? Mama?"

Mama Mdogo alimwacha amalize yote. Alitulia kama anavyotulia mteja akilalamika.

"Mimi sijambo, mwanangu," alisema. "Asante kwa kuuliza."

 Fundi akainamisha kichwa, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho naamini hakikuwemo.

"Mama," Kidoti alisema, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Mbona unaongea hivyo? Umelala?"

"Nimelala."

"Saa hizi? Unaumwa?"

"Nilianguka uani."

"Tangu lini?"

"Tangu mashine ilipoacha kuwaka."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia," Mama Mdogo alisema. "Sikuiwasha."

Kidoti alilia. Alilia kama mtoto mdogo, kwa kwikwi, bila kusema neno, na mama yake akamwacha, akiishika simu kwa mikono yote miwili. Nilimsindikiza fundi hadi mlangoni. Hakukumbusha habari za nyota. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba atarudi kuiwasha tukitaka, au asirudi tukitaka. Nikamwambia asirudi.

Niliporudi chumbani walikuwa wanaongea. Si kwamba mambo yalikuwa mazuri. Kidoti aliomba radhi mara nyingi mno, na Mama Mdogo hakumwambia kwamba haidhuru, kwa sababu imedhuru. Kidoti akaeleza kwamba kazini huwalisha wazee wa watu kijiko kwa kijiko, akirudi chumbani hana nguvu hata ya kuvua viatu, anaangalia simu, anaona mashine imewaka, anasema asante Mungu, analala. Mama Mdogo alisikiliza. Halafu akamuuliza:

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo."

Na yule mtoto akacheka katikati ya kilio, ikatoka sauti ya ajabu, nami nikajikuta nafuta macho kwa taulo ya kwanza iliyokuwa karibu. Ilikuwa moja ya zile mbili; sikuwahi kuzirudisha kabatini. Ndiyo mara yake ya kwanza kumkausha mtu.

Waliongea mpaka simu ikapata moto. Walipoagana, Mama Mdogo alibaki ameishika simu mapajani, mashavu yamelowa, hataki kuiachia. Ghafla kioo kikawaka tena. Alifikiri ni Kidoti amesahau neno, akaniinulia haraka.

"Anasemaje?"

Nilisoma. Nikasoma mara ya pili, nikidhani macho yangu yana matatizo. Juu palikuwa na nyota tano tupu zimepangwa mstari, na chini yake maandishi.

"Si yeye," nikasema. "Ni simu. Inauliza mazungumzo yenu yalikuwaje."

Mama Mdogo alizitazama zile nyota kwa muda, uso ameukunja vilevile anavyoukunja akiwa na shuka chafu kwenye vidole viwili.

"Iambie hayaihusu," alisema.